Ninunue kirikuu au nibaki na toyo? Hesabu ya mwoka mikate wa Morogoro

Swali

Naoka mikate na skonsi hapa Morogoro mjini na kusambaza madukani, kuanzia Kihonda na Msamvu mpaka Mazimbu na Bigwa. Kwa sasa nakodi toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Namlipa kijana 35,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 910,000. Nimepata kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, iliyotumika, kwa milioni 12 na nusu. Nimepiga hesabu hivi: petroli lita 4 kwa siku ni 12,000, kwa mwezi 312,000. Dereva 250,000. Jumla 562,000. Hapo naokoa 348,000 kila mwezi na ndani ya miaka mitatu gari limejilipa. Nina milioni 7.5, ambazo ndizo hizohizo ninazonunulia ngano, mifuko 40 kwa mwezi, kwa pesa taslimu. Milioni 5 zilizobaki nitakopa kwa miezi 18, riba asilimia 3 kwa mwezi. Mume wangu anasema ninunue, mama anasema nitulie kwanza. Toyo imenichosha: inachelewa, mikate inabonyea, na mvua ikinyesha ndiyo balaa kabisa. Wewe unasemaje?

Jibu

Dada, kwanza nikushukuru kwa kuandika na tarakimu zake. Wengi huniuliza "ninunue gari?" halafu hata bei ya gari lenyewe hawaitaji. Kujumlisha kwako hakuna kosa; nimerudia kila mstari. Tatizo liko kwenye vilivyoachwa nje. Upande wa toyo umeandika bili nzima, upande wa kirikuu umeandika vitu viwili tu, petroli na mshahara, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotoka mfukoni kila siku ukiviona.

Hebu iangalie hiyo 35,000 ya yule kijana. Humo ndani mna petroli yake, jasho lake, matairi, pancha, bima, faini, marejesho ya mkopo wa toyo kama aliichukua kwa mkopo, na siku anazoshinda kijiweni bila kazi. Vyote hivyo anakuuzia kwa pamoja kwa bei moja. Siku utakayonunua kirikuu, vitu hivyo haviishi duniani. Vinahamia kwako.

Nitaanza na mkopo, maana huenda ukamaliza mjadala kabla hatujafika gereji. Uliza hiyo asilimia 3 inahesabiwaje. Taasisi nyingi ndogo hutoza riba ya flati, yaani asilimia 3 ya milioni 5 zote, kila mwezi, hata mwezi wa 17 ambapo deni limebaki kiduchu. Hiyo ni 150,000 kila mwezi, mara 18 ni milioni 2.7. Ongeza sehemu ya mtaji, kama 278,000, na rejesho lako linakuwa karibu 428,000 kwa mwezi. Sasa rudi kwenye barua yako: gari linakuokolea 348,000. Ina maana kwa mwaka mmoja na nusu, hata hesabu yako ingetimia kama ulivyoiandika, bila pancha hata moja, mikate ingelazimika kuongezea 80,000 kila mwezi ili gari lilipwe. Riba hiyohiyo ya asilimia 3 ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho linashuka hadi kama 364,000 na riba yote inakuwa kama milioni 1.54. Tofauti ya zaidi ya milioni moja, kwa riba ambayo kwenye tangazo imeandikwa vilevile! Lakini hata hiyo nafuu bado inaizidi 348,000. Na usisahau kwamba ada ya mkopo na bima ya mkopo mara nyingi hukatwa mwanzoni, kwa hiyo milioni 5 unayosaini siyo milioni 5 utakayoishika mkononi. Mwenye gari hatakusubiri utafute kipunguo.

Sisemi taasisi yako ni ya kausha damu. Nasema uwaombe ratiba ya marejesho iliyochapwa, mwezi kwa mwezi, kabla ya kusaini. Wakisita kukupa, hapo umeshajibiwa.

Tuje kwenye gari lenyewe. Tuseme utakaa nalo miaka mitano na kuliuza milioni 5. Hilo ni kadirio la mtu mwenye moyo mzuri, maana kirikuu iliyobeba mizigo miaka mitano juu ya uzee iliokuja nao haina mvuto sokoni. Umepoteza milioni 7.5 katika miezi 60, sawa na 125,000 kwa mwezi. Pesa hii haitoki mfukoni kila mwezi, ndiyo maana watu hawaiandiki. Inatoka siku moja tu, siku ya kuuza, na kwa mkupuo.

Matengenezo. Kwa lita 4 kwa siku, kirikuu yenye mzigo inatembea kama kilomita 48, kwa mwezi kama 1,250. Mimi kwa gari la mzigo lililotumika huwa natenga shilingi 80 kwa kilomita: oili na filta, breki, matairi, betri, bushi, na fundi mwenyewe. Hiyo ni 100,000. Kuna miezi utatumia 20,000 uone nimezidisha, halafu clachi itaisha na utanikumbuka. Barabara za ndani huko Kihonda unazijua kuliko mimi.

Bima: ukiwa umekopa, aliyekukopesha atataka bima kubwa, siyo ile ndogo ya kuwalipia wengine tu. Pamoja na ukaguzi, stika na vibali, weka 50,000 kwa mwezi, halafu omba bei kwa mawakala wawili urekebishe. Pita pia ofisi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, uwaeleze utabeba nini na kwa nani, wakuambie leseni inayokuhusu. Usisubiri kuambiwa na trafiki pale Msamvu.

Dereva hagharimu 250,000 pekee. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara na nusu yake ni ya mwajiri, yaani 25,000 juu ya mshahara. Kuna na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ambao ni kiasi kidogo lakini ni wa lazima. Sheria ya ajira ya 2004 inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Siku hizo mikate haitajipeleka. Utaita deiwaka, tuseme 10,000 kwa siku kwa siku 24 za kazi, 240,000 kwa mwaka, 20,000 ukiigawa kwa miezi. Kwa hiyo ongeza 45,000. Najua utaniambia hapa mjini madereva wengi hawaandikishwi popote. Kweli. Mpaka siku atakapopata ajali akiwa na mikate yako.

Kuna siku za gereji. Nakuwekea mbili kwa mwezi, na kwa gari la umri huo sijakuonea. Siku hizo utamrudia mtu wa toyo, na atakuja kwa bei yake, 35,000 mara mbili. Ondoa petroli ambayo hukuichoma, inabaki 46,000. Usidhani ni tabu ya wenye kirikuu peke yao. Shirika letu la ndege, Air Tanzania, lilinunua Airbus A220, ndege zinazosifiwa duniani kote kwa kunywa mafuta kidogo, na kuanzia 2022 baadhi yake zikalazimika kukaa chini kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney. Akiba ya mafuta inapatikana chombo kikiwa hewani. Kikiwa chini, gharama zake nyingine zinaendelea kama kawaida.

Halafu riba. Ile milioni 2.7 tukiitandaza kwenye miezi 60 ni 45,000 kwa mwezi. Na la mwisho ndilo linaloniuma zaidi kwenye barua yako: milioni 7.5 ni pesa ya ngano. Umeandika hilo kana kwamba ni jambo la pembeni. Pesa hiyo sasa hivi haijalala, inafanya kazi. Unafika kwa muuzaji wa jumla na pesa mkononi, mifuko 40, na anakupunguzia. Ukiitoa kununua gari, utachukua ngano kwa mali kauli, na bei ya mkopo siyo bei ya taslimu. Sijui muuzaji wako anakupunguzia ngapi. Chukulia 1,500 tu kwa mfuko: 60,000 kwa mwezi zimeondoka, na juu yake unakuwa mateka wa duka moja, maana ukidaiwa huwezi kuhama. Hapo ndipo watu wanapokula mtaji bila kujua, wakiwa wanaendesha gari jipya.

Jumlisha: 125,000, 100,000, 50,000, 45,000 ya dereva, 46,000 ya gereji, 45,000 ya riba, 60,000 ya ngano. Inakuja 471,000. Ulitarajia kuokoa 348,000. Kwa makadirio haya unapoteza 123,000 kila mwezi.

Usikimbilie kumwambia mama kwamba ameshinda. Kuna upande ambao wewe mwenyewe umeutaja kwa maneno lakini hukuupa bei: mikate inayobonyea, inayolowa, inayofika duka limeshachukua ya mwingine. Hizo nazo ni gharama zilizojificha, na ziko upande wa toyo. Tuseme mikate mitano kwa siku, na wewe unaiuza jumla 1,200. Kama tanuri lako limejaa, yaani huwezi kuoka mingine ya kufidia, basi kila mkate uliobonyea ni mauzo yaliyopotea: 6,000 kwa siku, 156,000 kwa mwezi. Ghafla kirikuu inakuletea faida ya 33,000. Ikiwa ni mikate miwili, ni hasara. Ikiwa ni minane, mume wako ana hoja nzito. Unaona basi? Uamuzi wa milioni 12 na nusu umesimama juu ya namba ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuihesabu.

Kwa hiyo ihesabu. Mwezi mzima, daftari la shilingi 500, kila duka: imepokelewa mingapi, imerudi mingapi, kwa nini. Kubonyea, kulowa, au kuchelewa, andika tofauti, kwa sababu dawa zake hazifanani. Mkate unabonyea kwa namna ulivyopangwa, siyo kwa idadi ya magurudumu. Ukiumwaga kwenye bodi ya kirikuu ndani ya mifuko ileile ya nailoni, utafika umebonyea vilevile, ila kwa heshima zaidi. Kreti 20 za plastiki zinazopandana, tuseme 15,000 kila moja, ni 300,000. Ongeza turubai nzuri la kufunika toyo kwa ajili ya masika. Zikikutoa kwenye mikate mitano kwa siku hadi miwili, zinakuokolea karibu 94,000 kwa mwezi, na ndani ya miezi minne hivi kreti na turubai vimejilipa.

Na kuchelewa? Hapo zungumza na kijana. Anakuja kwa bei ya siku kwa sababu unamlipa kwa siku. Akipata kichwa cha kubeba saruji alfajiri, kwa nini asikibebe kwanza? Mpe mkataba wa maandishi wa miezi sita, njia inayojulikana, saa inayojulikana, malipo kila Jumamosi bila kukosa, kwa 31,000. Mwenye toyo anayeamka kila siku bila uhakika wa kazi atalifikiria hilo kwa makini. Akikubali umeokoa 104,000 kwa mwezi. Ukiweka na za kreti, ni karibu 198,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya akiba uliyokuwa unaitafuta kwenye kirikuu, na hujakopa hata shilingi. Weka na kipengele cha kuchelewa: akifika baada ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku hiyo analipwa pungufu, na kiasi mkubaliane kabla. Akikataa 31,000, anza na 33,000, au muulize wa pili.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo wastani wa mwezi hauionyeshi. Gharama ya toyo inakufa siku usipooka. Ya kirikuu inaishi. Wewe uko Morogoro, na sehemu ya wateja wako wa Mazimbu ni wanafunzi wa kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Chuo kikifunga, maduka ya pale yanachukua mikate mingapi? Kumbuka na mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei kupaa. Katika siku za namna hiyo, kijana wa toyo unamwambia "kesho usije", mnaachana kwa amani. Dereva wa mwezi, bima, rejesho la mkopo na uzee wa gari haviambiwi "kesho usije". Bei ya petroli nayo, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ikipanda, sasa hivi inamgonga kwanza yule kijana, anakuja kukulilia, mnavutana. Ukiwa na gari lako utavutana na nani?

Mume wako huenda atasema: mchana gari limekaa tu, libebe mizigo ya watu, liingize pesa. Inawezekana, na wapo waliofanikiwa. Lakini hiyo ni biashara ya pili, ya usafirishaji, yenye leseni yake, na dereva ambaye sasa analeta hesabu jioni na wewe hujui alibeba nini. Kilomita zinaongezeka, na zile shilingi 80 nazo zinaongezeka. Ukitaka kuiingia, iandikie hesabu yake peke yake, usiitumie kuokoa hesabu ya mikate. Na kirikuu inayoonekana uani, dada, ina ndugu wengi: msiba Kilosa, mahari Mikese, godoro la mpangaji. Hakuna mtu anayekuja kukuomba toyo ya kukodi.

Je, nasema usinunue kamwe? Hapana. Gharama kamili ya kirikuu yako kwa makadirio haya ni 1,033,000 kwa mwezi, yaani karibu 39,700 kwa siku ya kazi. Toa riba na hasara ya ngano, yaani chukulia unanunua kwa pesa yako ambayo haina kazi nyingine, inashuka hadi 928,000, kama 35,700 kwa siku. Hiyo karibu inalingana na toyo ya leo. Gari ni lilelile na barabara ni zilezile. Kilichobadilika ni pesa ya kulinunulia. Kwa hiyo mambo mawili yakitokea, nitakuambia nunua. La kwanza, umeweka akiba ya gari pembeni bila kugusa ya ngano. Zile 198,000 za kreti na mkataba zianze kwenda huko, kwenye akaunti tofauti. La pili, bili yako ya usafiri imepanda na kukaa juu ya 40,000 kwa siku kwa miezi kadhaa, kwa mfano umeanza kukodi toyo ya pili mara kwa mara. Ukishafika hapo, kodi kirikuu kwa mwezi mmoja kwanza, na dereva wake, uone kama mikate inayorudi inapungua kweli.

Siku ya kununua ikifika, kuna gharama nyingine zinazojificha kwenye gari lenyewe. Kadi isome jina: magari mengi yameuzwa mkono kwa mkono na kadi bado ina jina la mtu wa wamiliki wawili nyuma, na kuhamisha umiliki mamlaka ya mapato, TRA, bila huyo mtu ni safari ndefu. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari, maana deni linaifuata namba. Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, na mwende asubuhi. Mpigie muuzaji usiku uliotangulia umwambie asiwashe gari kabla hujafika, halafu ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini aliliwasha.